Nimeidaka kwa jina lake, mbona haidakiki?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Pongwe, Tanga, najifunza lugha ya programu ya OCaml mwenyewe. Nimeandika programu ya kujumlisha lita za maziwa zinazoletwa kituoni kila asubuhi. Kila mstari wa faili ni lita za mfugaji mmoja. Faili linasomwa vizuri, lakini likifika mwisho programu inakufa na kuandika `Fatal error: exception End_of_file`. Na End_of_file nimeidaka! Iko pale kwenye `with`. Nikiweka `with _` inafanya kazi, na nimeiacha hivyo wiki mbili sasa. Kwa nini alama ya `_` inadaka na jina lenyewe halidaki? Nimekuwekea mafaili yote mawili. Makosa yote nimeyatangaza kwenye makosa.ml, kama unavyoona.*

```
(* makosa.ml *)
exception End_of_file
exception Not_found
exception Lita_mbovu of string
```

```
(* mizani.ml *)
open Makosa

let jumlisha faili =
  let mlango = open_in faili in
  let jumla = ref 0. in
  try
    while true do
      jumla := !jumla +. float_of_string (input_line mlango)
    done;
    !jumla
  with End_of_file ->
    close_in mlango;
    !jumla
```

Marahaba, mdogo wangu. Jibu limejificha kwenye sentensi yako ya mwisho, ile uliyoiongeza kama heshima tu. Umeitangaza `End_of_file` kwenye makosa.ml. Haikuhitajika. Hiyo ni eksepsheni, yaani ishara ya hali isiyo ya kawaida, inayokuja na lugha yenyewe, ilikuwepo kabla yako na kabla yangu. Nadhani ulidhani lazima jina litangazwe kwanza ndipo litumike, na ni dhana ya kawaida kwa mtu anayejifunza bila mwalimu. Lakini neno `exception` halitambulishi kitu kilichopo. Linazaa kipya. Sasa unazo mbili zenye jina moja, na `open Makosa` imeileta ya kwako mbele ikaifunika ile ya lugha.

Kwa Kiswahili tunalo neno la hali hii: wajina. `End_of_file` yako ni wajina wa ile nyingine, basi. Hawana udugu wowote zaidi ya hapo.

Fikiria stendi ya Kange. Basi limeingia kutoka Dar na kifurushi cha Mwanaidi. Nyumbani kwenu wako Mwanaidi wawili: shangazi yako, na binti aliyehamia juzi kuja kusoma. Ukisimama uani ukaita "Mwanaidi!", anaitika aliye karibu, yaani yule binti, na wewe unamtuma Kange. Tuseme wakala wa mizigo siku hiyo ni mkali, jina halimshughulishi, anataka namba ya NIDA. Anaitazama ya binti, siyo. Kifurushi hatoi, hata binti aape mara saba kwamba anaitwa Mwanaidi. Kinabaki stendi, na jioni kinarudishwa kilikotoka.

Ndivyo mashine inavyofanya. Tangazo la `exception` likitekelezwa, OCaml inatenga kipande kidogo cha kumbukumbu chenye vitu viwili: jina, na namba ya pekee. Jina ni la kuchapishwa tu, mtu apate kusoma. Eksepsheni ikirushwa, kinachosafiri ni anwani ya kile kipande, na `with End_of_file` inauliza swali moja: je, anwani hii ndiyo ile ninayoijua mimi? Herufi za jina hazisomwi kabisa. Zile zinazokuja na lugha zimepangiwa nafasi zao ndani ya mtambo wa OCaml ulioandikwa kwa C, kwenye faili linaloitwa fail.h: ziko 12, kuanzia 0 hadi 11. `End_of_file` ni namba 4, `Not_found` ni namba 6. Funksheni `input_line` ilishakompailiwa ikakaa kwenye maktaba ya lugha zamani, kabla makosa.ml yako haijaandikwa, nayo inarusha namba 4. Haina njia ya kujua kwamba Pongwe kuna kijana amezaa wajina. `with` yako imesimama mlangoni ikimsubiri mtoto wako ambaye hakuna anayemrusha.

Alama ya `_` haiulizi kitambulisho cha mtu. Yeyote anayekuja anapita. Ndiyo maana ilidaka.

Dalili ulikuwa nayo mkononi, na hii ningependa uizoee, kwa sababu siku nyingine itakuokolea saa nyingi. Soma tena ujumbe uliouona: `exception End_of_file`, jina tupu, halina kitu mbele yake. Eksepsheni iliyotangazwa kwenye moduli ya mtu (kwa OCaml kila faili ni moduli) huchapishwa pamoja na jina la moduli. Kama iliyokuua ingekuwa ya kwako, ungeona `Makosa.End_of_file`, na kama unajenga kwa dune, chombo cha kujengea programu za OCaml, ungeona `Dune__exe__Makosa.End_of_file`. Jina tupu maana yake ni ile ya lugha. Kwa hiyo ujumbe ulikuwa unakwambia: aliyekuja ni shangazi, wewe umempeleka binti. (Usishangae siku ukiona `Stdlib.Exit`. `Exit` haimo kwenye zile 12. Imetangazwa ndani ya maktaba kama moduli nyingine yoyote, ndiyo maana inabeba jina la moduli.) Ukitaka kujua imerushwa wapi hasa, endesha programu ukiwa umeweka `OCAMLRUNPARAM=b`; utaona mlolongo unaanzia ndani ya stdlib.ml, faili la maktaba ya lugha, na wala si kwenye faili lako.

Utaniuliza, kompaila ilikuwa wapi muda wote huo? OCaml tunaisifia kwamba haipitishi upuuzi, na hapa imepitisha. Ni kwa sababu kwa macho yake hakuna kosa. Eksepsheni zote duniani ni za aina moja, `exn`, na aina hiyo iko wazi: mtu yeyote anaruhusiwa kuiongezea mtoto wakati wowote. Jina likirudiwa, la karibu ndilo linaloshika, kama ilivyo kwa `let x = 1` ikifuatiwa na `let x = 2`. Kurudia jina kwenye OCaml ni desturi, watu wanaitumia kila siku kwa makusudi. Aina zikilingana, kompaila haina la kusema.

Angalia jinsi bahati inavyocheza. Lau ungetangaza `exception Failure of int`, halafu ukaandika `with Failure ujumbe -> print_endline ujumbe`, ungesimamishwa papo hapo, maana `ujumbe` sasa ni namba na `print_endline` inataka maandishi. Wajina mwenye mzigo tofauti anajiumbua mwenyewe. Wanaopita kimyakimya ni hasa wale wasiobeba kitu, `End_of_file`, `Not_found`, `Exit`, `Division_by_zero`, na hao ndio watu wanaopenda kuwatangaza upya.

Kuna mahali pamoja kompaila inaweza kukusaidia. Ukitangaza eksepsheni ndani ya faili lenye .mli (faili la pembeni linaloorodhesha vinavyoonekana nje) inayoificha, na humo ndani ukawa unaidaka tu bila kuirusha popote, unapata onyo namba 38: hii haijawahi kurushwa, ingawa inaonekana kwenye ruwaza, yaani umbo la kulinganishwa kama lile linalofuata `with`. Dune inaliwasha onyo hilo unapokuwa kwenye hali ya kutengeneza, na tangu dune 3.0 faili kuu la programu linachukuliwa kana kwamba lina .mli tupu. Maana yake, ungetangaza `End_of_file` yako ndani ya mizani.ml yenyewe, kama ndilo faili lako kuu, ungeonywa. Wewe ulikuwa nadhifu, ukaiweka kwenye faili lake, na makosa.ml haina .mli, kwa hiyo kila kitu ndani yake kinahesabiwa kuwa ni cha kutumiwa na wengine. Unadhifu ndio ulioponza.

Na `Not_found` yako nayo usiiache. Bado haijakuuma kwa sababu hujafika huko, lakini siku utakapotafuta jina la mfugaji kwa `Hashtbl.find`, au `List.assoc`, au ukasoma kitu kwa `Sys.getenv`, zote zinarusha namba 6, na `with Not_found` iliyo chini ya `open Makosa` itakuwa inamsubiri mtu mwingine. Upande wa pili pia upo: funksheni yako ikirusha `Not_found` ya kwako, na mwenzako akaitumia kwenye faili lisilo na `open Makosa`, yeye ndiye atakayeandika `with Not_found` ikapitwa. Hii ya pili ndiyo iliyonipata mimi, kwenye programu ya duka la vipuri. Nilizunguka nayo siku nzima nikilaumu kila kitu, mpaka betri ya kompyuta.

Sasa marekebisho. La kwanza, na kwa maoni yangu lingetosha peke yake: futa mistari miwili ya juu ya makosa.ml. Msimbo uliobaki hauhitaji kuguswa. `End_of_file` kwenye `with` itarudi kuwa ile ya lugha. Ukihitaji eksepsheni yako, ipe jina la kazi yako. `Mfugaji_hayupo` inasema mengi kuliko `Not_found`, na hakuna maktaba itakayokugombania jina hilo.

Ikiwa makosa.ml inatumiwa na wengine na huwezi kufuta, kwenye matoleo ya sasa unaweza kuandika `with Stdlib.End_of_file`, ukamtaja shangazi kwa ukoo wake. Na kama nia yako ilikuwa tu kuwa na jina la Kiswahili, alama ya sawasawa inafanya kazi tofauti kabisa:

```
exception Mwisho_wa_faili = End_of_file
```

Hapa hakuna aliyezaliwa. Ni jina la utani la mtu yuleyule, namba ni ileile 4, na ukidaka kwa jina lolote kati ya hayo mawili umemdaka. Angalia tu mstari huo ukae kwenye faili ambalo `End_of_file` bado haijafunikwa, la sivyo utakuwa umempa jina la utani yule binti.

Lingine la kupitia haraka: tangazo likiwa ndani ya funksheni, kwa `let exception`, kila funksheni inapoitwa anazaliwa mwingine. Vivyo hivyo ndani ya fankta, yaani moduli inayozalisha moduli nyingine: ukiitumia mara mbili, eksepsheni za moduli hizo mbili hazidakani, ingawa zimetoka kwenye mstari mmoja wa msimbo. Hapo hata jina la karibu na la mbali halihusiki. Kinachohesabiwa ni tangazo limetekelezwa mara ngapi.

Si ugonjwa wa OCaml pekee. Standard ML, lugha ndugu yake, inafanya hivyohivyo. Kitabu chake cha sheria, toleo la 1997, kinakukataza kutangaza upya `true`, `false`, `nil`, `::` na `ref`, lakini `Match` na `Bind`, ambazo lugha yenyewe huzirusha ruwaza zinapokosa kulingana, hazimo kwenye katazo. Ukizizaa upya unaruhusiwa, na lugha itaendelea kurusha zile za zamani. Kule kuna mtego mbaya zaidi: ukikosea herufi moja ukaandika `handle Subscrip` badala ya `Subscript`, neno hilo linageuka kuwa jina la kawaida la kupokea chochote, na unadaka kila kitu bila kujua. OCaml imeuziba mlango huo kwa kulazimisha herufi kubwa mwanzoni mwa jina la eksepsheni, na ndogo kwa majina mengine. Lugha ya Haskell ni hadithi tofauti. Kule eksepsheni ni aina kamili, na jina lako likigongana na uliloliingiza kutoka maktaba, kompaila inagoma unapolitumia, inakuambia haijui unamaanisha lipi. Ni kero, lakini ni kero ya mapema.

Nirudi kwenye `with _`, maana hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko swali lako lenyewe. Umesema inafanya kazi. Inaonekana inafanya kazi. Tuseme asubuhi moja mwandishi wa kituo, badala ya 7.5, ameandika 7,5. Sisi wengine tunaandika hivyo kwa mkono bila kufikiri. `float_of_string` haikubali mkato, inarusha `Failure`. Zamani programu ingekufa hapo na ungejua. Sasa `_` inaidaka, inafunga faili kwa adabu, inarudisha jumla. Jumla ipi? Ya mistari iliyotangulia tu. Kosa likiwa mstari wa 14 kati ya 60, umejumlisha wafugaji 13, na skrini inakuonyesha namba nzuri isiyo na dalili yoyote ya aibu. Na kama faili limeandikwa kwenye Windows ukalisoma kwenye Linux, kila mstari unabaki na alama isiyoonekana mwishoni, mstari wa kwanza unakataa, na jumla inakuwa sifuri. Hiyo angalau ungeishtukia.

Programu iliyokuwa inakufa ilikuwa mwaminifu kuliko hii. Mimi ningeandika hivi, na `End_of_file` isingehitajika hata kidogo, kwa sababu `In_channel.input_line`, iliyokuja na OCaml 4.14, inarudisha `None` faili likiisha:

```
(* makosa.ml *)
exception Lita_mbovu of int * string
```

```
(* mizani.ml *)
let jumlisha faili =
  In_channel.with_open_text faili (fun mlango ->
    let rec endelea namba jumla =
      match In_channel.input_line mlango with
      | None -> jumla
      | Some mstari ->
        match float_of_string_opt (String.trim mstari) with
        | Some lita -> endelea (namba + 1) (jumla +. lita)
        | None -> raise (Makosa.Lita_mbovu (namba, mstari))
    in
    endelea 1 0.)
```

Utaona nimeiondoa `open` na kuandika `Makosa.Lita_mbovu` kwa kirefu. Ni herufi saba zaidi, na msomaji wa faili hili anajua ukoo wa kila jina. `String.trim` inaondoa ile alama ya Windows. Faili linafungwa lenyewe hata eksepsheni ikiruka katikati. Kwenye msimbo wako wa mwanzo `close_in` ilikuwa haifikiwi kila programu ilipokufa.

Ukishabadilisha, usianze na faili la kesho. Chukua mafaili ya wiki mbili zile, yapitishe yote tena. Faili zima litakupa jumla ileile uliyokwisha kuiandika. Lenye kasoro litakufa na kukuandikia mwishoni kitu kama `Makosa.Lita_mbovu(14, "7,5")`. Hapo fungua daftari la siku hiyo: maziwa ya mfugaji wa mstari wa 14, na ya wote waliomfuata, yalimiminwa kituoni lakini kwenye jumla yako hayamo.